Gari-Nyumba Niliyoiziba Kama Bwato

Siku yangu ya kwanza ya kazi niliambiwa nijaze bwato maji. Ilikuwa Ubwari, kwenye shantiye moja ya kuundia mabwato ya mbao, pale mawe yanaposhuka mpaka ziwani. Nilikuwa nimefika asubuhi kwa miguu. Shule nilikuwa nimesoma miaka mitatu, na ule wa tatu niliurudia. Kapita wa shantiye, ndiye mkubwa wa mafundi, aliniangalia toka kichwani mpaka miguuni akauliza:

— Unajua kazi gani?

— Zote, nikamjibu.

— Zote? Basi unanipita. Kamata ndoo ile, ujaze bwato ile mpaka juu.

Nilifikiri ananichezea. Bwato ilikuwa mpya, kavu, imelala juu ya magogo, na kila mtu anajua kazi ya bwato ni kukataa maji. Nikabaki nimesimama na ndoo.

— Sababu gani unasimama? Kapita akasema. Umesema unajua zote. Hii haiko ndani?

Nilichota maji mpaka jua likawa katikati ya kichwa. Yalikuwa yanatoka kwenye viungo vya mbao kama kwenye kikapu. Kesho yake yakatoka kidogo. Siku ya tatu hata tone moja halikuanguka. Hapo ndipo Kapita akanifundisha: mbao kavu imejikunja, ukiinywesha inavimba, inaibana pamba iliyo katikati, na njia inafungwa. Akasema bwato inazibwa na maji yenyewe, fundi anasaidia tu. Maneno hayo niliyashika kama katekisimu.

Nilikaa Ubwari miaka mingi. Ninyi vijana mnaotumia silikoni ya kwenye tube hamjui tulivyokuwa tunaziba. Unachukua pamba, unailowesha mafuta ya mawese au gudron, ile lami nyeusi inayoyeyushwa kwenye kopo. Unaisokota kama kamba. Unaisukuma kwenye mwanya kwa patasi butu, unaipiga kwa nyundo ya mti, huku unasikiliza. Ikilia ko, ko, imejaa. Ikilia pu, bado. Mbao iliyooza unaitafuta kwa ncha ya kisu: mbao nzima inakataa kisu, iliyooza inakipokea. Na sikuzote unaanzia chini. Unalala chali mchangani chini ya tumbo la bwato na kuangalia juu, maana maji ya ziwa yanatoka chini. Mtu aliyekuwa anaanzia juu tulikuwa tunamcheka.

Kapita alipokufa, mabwato nayo yakapungua, nikavuka kuja Baraka. Nikapata kazi kwenye garaji iliyokuwa inatengeneza karoseri za kamio, yaani ile sehemu ya mbao ya lori inayobeba mizigo. Shefu wa garaji alikuwa mtu wa mdomo mfupi, amevaa miwani iliyobaki na kioo kimoja. Siku ya kwanza alinikuta ninapiga pamba kwenye sakafu ya kamio.

— Fundi, hii haiendi ziwani, akasema.

— Shefu, toka hapa mpaka Fizi kamio inapita ndani ya mito mingapi?

Akahesabu kwa vidole. Alipofika mkono wa pili akaniacha niendelee. Baada ya hapo simenti ya wachuuzi ilikuwa inavuka mito na kufika kavu, unga unafika unga. Bantu, yaani watu, wakaanza kuniita Fundi wa Maji. Sikukataa jina. Nililipenda, nasema ukweli. Hakuna mwenye diploma Baraka nzima aliyekuwa na jina kama hilo, na mimi nilikuwa ninaandika jina langu la kuzaliwa kwa shida.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe.

Kituo kimoja cha afya kilikuwa na gari-nyumba. Ni gari kubwa yenye nyumba mgongoni: kitanda, meza, kabati, mahali pa kupikia, choo kidogo kama cha mwanasesere. Wazungu wawili wazee, mume na mke, walikuwa wanazunguka nayo dunia, moteri ikawafia hapa, wakaiachia kituo wakapanda boti kwenda zao. Kituo kikatengeneza moteri, kikatoa mahali pa kupikia, kitanda kikawa cha kupimia bamama wenye mimba. Siku tatu gari inalala Baraka kwenye kiwanja cha kituo, halafu inapanda Fizi-Centre siku ya soko. Aliyefanya kazi ndani yake ni Mama Muzalishi, yule infirmiere, yaani nesi, aliyepokea nusu ya watoto waliozaliwa barabara ile. Bamama walikuwa wanashuka hata toka Bibokoboko, kutwa nzima kwa mguu, kwa sababu ya mikono yake.

Jestionere wa kituo, yaani mwenye kusimamia mali na wafanyakazi, aliniita wakati wa kiangazi.

— Fundi, ndani inanuka, akasema. Kona ya nyuma, upande wa kuume, ukikanyaga inabonyea. Wanasema maji hayakuwezi.

— Yananijua, nikasema.

Nilifungua. Nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Ukuta wa gari-nyumba si ukuta. Nje ni tole, yaani bati, nyembamba ya aluminium. Ndani ni kontreplake, zile mbao za kubandikwa, nyembamba kama biskuti. Katikati wameweka vijiti vya mbao na povu jeupe jepesi, kama la masanduku ya kusafirishia dawa. Nilishangaa mtu mwenye akili anawezaje kuzunguka dunia ndani ya biskuti. Hapo ilifaa nijiulize swali. Sikujiuliza. Nilicheka, nikafanya ninachojua.

Nikakata sakafu iliyooza, nikaweka mbao nyekundu za msituni, nikazipanga bega kwa bega, nikaziba kwa pamba na gudron. Halafu nikaomba ndoo. Nikamwaga maji ndani ya ile gari mpaka yakafika kwenye vifundo vya miguu, nikaiacha inywe siku mbili. Watu wakaja kuangalia, wengine walilala chini kuchungulia tumbo la gari. Hakuna tone. Jestionere akanishika mkono mbele ya wafanyakazi wote. Mama Muzalishi peke yake aliuliza:

— Papa fundi, hii gari tunaipeleka Fizi ao tunaivusha Ubwari?

Watu wakacheka, mimi pia.

Mvua zikaanza. Wiki ya tatu wakaniita: kona ileile, chini ya muketo, ule mpira wa kutandika sakafuni, kumelowa. Nililala chini ya gari nikaangalia. Gudron yangu ilikuwa nzuri kama siku niliyoipaka. Nikapanda juu ya paa, nikaangalia tole juu ya kona ile. Hakuna tundu, hakuna hata mkwaruzo. Nikashuka. Chini nimeziba. Juu ni pazima. Na maji yako katikati.

Alikuwepo mama wa usafi, Mama Riziki. Alikuwa anasafisha gari ile kila asubuhi, miaka sita. Alikuwa amesimama karibu na mlango, na ndoo yake, na kitambaa. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya watu kumi na kitu, na jina langu ni Fundi wa Maji. Nikamgeukia.

— Mama Riziki, unamwaga ndoo ngapi humu?

— Moja, papa fundi. Na kitambaa ninakikamua.

— Moja tu?

— Moja. Lakini asubuhi nikifungua mlango, kule nyuma kunakuwa kumelowa tayari. Na ndoo bado sijaiingiza.

— Kwa hiyo maji inatoka wapi? Inazaliwa humu humu kwa sababu ni gari ya bamama wa kuzaa?

Watu walicheka sana. Nilifurahi wakicheka, nilipumua.

— Sijui inatoka wapi, Mama Riziki akasema. Mimi ni wa kitambaa. Fundi ni weye.

Jestionere akanivuta pembeni kuniuliza kama kweli ni Mama Riziki anayemwaga maji. Nikamwambia hivi, maneno nayakumbuka: "Bwana Jestionere, chini nimeziba mimi. Juu hakuna tundu. Sasa kati ya juu na chini kuna nani?"

Wiki haikuisha yule mama akapewa barua ya kuachishwa kazi, imeandikwa kwamba aliharibu gari ya kituo kwa kumwaga maji ovyo. Mimi barua sikuiona. Niliambiwa. Na sikuuliza ameenda wapi.

Ilipita karibu miezi mitatu. Siku moja ya soko, gari ikiwa Fizi-Centre, mama mmoja toka Bibokoboko alipanda apimwe, akapita kwenye kona ile, na mguu wake ukatoboa sakafu mpaka gotini. Mungu ni mwema, alichubuka tu, mimba haikupata kitu. Alikuwa mama wa maneno. Walipomvuta akasema:

— Bantu ba Baraka, gari yenu iko na njaa. Muipatie hata muhogo.

Mama Muzalishi akatuma moto, yaani pikipiki, inichukue. Nilipofika alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari, amekunja mikono.

— Nani anasafisha humu siku hizi? nilimuuliza kabla ya salamu.

— Hakuna. Tangu ulimufukuzisha Mama Riziki, ninapangusa mimi mwenyewe na kitambaa kibichi. Ndoo haijaingia humu hata siku moja.

— Siku moja hivi, labda mtu...

— Papa fundi. Hata siku moja.

Nilifunua muketo. Harufu iliyotoka ni ile ya muhogo ulioloweshwa ukasahauliwa kwenye pipa. Mbao yangu nyekundu, ile ngumu ya msituni, ilikuwa nyeusi. Nilichoma kwa turnevis, ile bisibisi, ikaingia mpaka kwenye mpini. Nikalala chini ya gari, mbali kidogo na lile tundu la mguu, nikatoboa gudron yangu kwa ncha. Maji yakatoka. Hayakutoka matone, yalimwagika, yakanilowesha kifua, yakaendelea, na mimi nimelala pale ninayaangalia. Niliiziba vizuri mno. Nilikuwa nimetengeneza bwato nzuri kabisa, ila maji ndiyo yalikuwa abiria, na mimi niliwafungia mlango wasishuke.

Hilo nililielewa palepale. Maji yalikotoka ndiko sikukuelewa. Mama wa usafi hayupo, ndoo haipo, paa halina tundu. Nilikaa juu ya jiwe mpaka Mama Muzalishi akaniletea chai. Halafu akaniambia kitu kilichonichanganya zaidi.

— Tukiwa huku Fizi, maji inatokea mbele, karibu na kiti cha shofere. Tukishuka Baraka, inatokea nyuma.

— Haiwezekani.

— Haiwezekani kwa nani? Mimi ninavaa viatu vyangu humo kila siku.

Maji ya ziwa hayana tabia hiyo. Ya ziwa yanaingia palepale unapoyaona, unaweka kidole, unaziba. Nilirudi na gari Baraka, nikaomba Jestionere asiiguse. Nilifungua kuta zote za ndani, na plafo, ile dari ya kichwani, mpaka gari ikabaki mifupa. Nilikuta vijiti vilivyooza kwenye mstari mmoja mrefu, toka mbele mpaka nyuma, kama njia ya siafu. Bado sikujua yanaingilia wapi, maana juu ya paa kuna viungo vingi: reli ya hema, visi, zile skrubu za tole, ukingo wa kila dirisha, na kifuniko cha kutolea hewa kilicho mbele.

Nikanunua bulu, ile ya kufulia mashati meupe. Nikaikoroga ndani ya kopo, nikapanda juu ya paa, nikawa ninamwaga kwenye kiungo kimoja tu, halafu ninashuka kukaa ndani kusubiri. Siku ya kwanza reli ya hema: hakuna kitu. Ya pili madirisha: hakuna. Siku ya tatu nilimwaga kwenye ukingo wa kile kifuniko cha hewa cha mbele. Mastiki yake, ule udongo mlaini wa kuzibia, ilikuwa imekauka na kupasuka kama kisigino. Nilikaa sana. Nilikuwa karibu kutoka niseme hata huko hakuna. Halafu kule nyuma kabisa, kona ya kuume, hatua tano toka nilipomwaga, kijiti kimoja kikaanza kutoa jasho la bulu. Tone likakua, likaanguka sakafuni.

Ndivyo ilivyokuwa. Kiwanja cha kituo Baraka kina mteremko: gari inasimama pua juu. Maji yanaingilia mbele, yanatembea gizani juu ya plafo mpaka nyuma. Fizi wanaisimamisha pua chini, yanatembea kwenda mbele. Na kila yanapopita yanaozesha, na pale yanapotokea ndipo mtu anapomtwika mwenziye makosa.

Mama Muzalishi alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia lile tone, akaniangalia mimi.

— Papa fundi, na hii bulu ni Mama Riziki alimwaga?



Nilienda ofisini kwa Jestionere. Nikamweleza yote, toka bulu mpaka mteremko. Alisikiliza vizuri.

— Kwa hiyo sasa gari itakauka?

— Itakauka. Lakini yule mama hakumwaga maji. Mimi nilitoa neno ambalo sikulijua.

— Ile imepita, fundi. Na ile nafasi tuliifunga. Neno haiko visi, useme utaifungulia kwa turnevis ulete ingine.

Nilitoka pale bila kujua nifanye nini. Niliuliza wazee wenzangu. Wote walisema neno moja: mzee hapigi magoti kwa mama anayeweza kuwa binti yake, peleka kuku, inatosha, ndivyo tulivyokuta. Nikanunua jogoo mzuri, mweupe, nikaenda.

Mama Riziki alikuwa pwani ya Baraka, anaanika ndagala juu ya nyavu. Alikuwa anacheka na wenzake. Aliponiona hakuacha kugeuza samaki. Nikasalimia, akaitikia vizuri tu, akaniletea kibao nikae. Nikamwambia nimetafuta maji na nimeyapata, yalikuwa yanatoka juu mbele. Nikamwekea kuku karibu na miguu.

— Ni ya nini? akauliza.

— Ya ile siku.

— Papa fundi, ile siku ulisemea wapi?

— Kwenye kiwanja cha kituo.

— Na nani alikuwepo?

— Watu.

— Sasa hii kuku itaenda kuwaambia bale bantu?

Wale wenzake wakacheka chini chini. Akamchukua yule kuku kwa mabawa, kwa upole, akanirudishia mikononi.

— Tangu siku ile, nikiomba kazi ya usafi, wanasema ni yule wa kuozesha gari. Hata kanisani wananipangia kubeba viti, ufagio hapana. Mimi sitaki kuku. Kuku haiwezi kusema.

Nilirudi nyumbani na jogoo wangu kwapani, mchana, kupitia njia ya soko, na kila mtu akaniuliza ninauza bei gani. Usinionee huruma. Nilikasirika. Nilijiambia mimi nilikuwa ninatengeneza mabwato kabla yeye hajazaliwa. Siku nne nilifanya kazi nyingine, gari-nyumba nikaiacha imefunguliwa kama kuku aliyechinjwa. Siku ya tano nilipanda juu ya paa nianze kufunga kile kifuniko cha hewa, nikashindwa kusokota hata visi moja. Mkono ulikuwa mzima. Sielewi mpaka leo ilikuwa nini. Nikashuka, nikamtuma mtu amwambie Mama Riziki: kesho ni siku ya bamama wa mimba, kiwanja kitajaa, aje kama anataka.

Alikuja. Alivaa kitenge cha Jumapili. Alisimama palepale alipokuwa amesimama siku ile, karibu na mlango wa gari. Jestionere alikuwa anapita na makaratasi, Mama Muzalishi akamshika mkono wa shati akamwambia: Bwana Jestionere, simama kidogo. Bamama walikuwa kwenye mabenchi, zaidi ya thelathini. Mimi sijawahi kusema mbele ya watu isipokuwa kujisifu.

Nilisema hivi: Mama Riziki hakuozesha gari hii. Maji yalikuwa yanaingilia kwenye paa mbele, yanatembea, yanatokea nyuma. Alikuwa ananiambia asubuhi anakuta kumelowa, nikamcheka. Gari iliozeshwa na mvua, na mimi nikaisaidia mvua, maana niliziba chini maji yakose pa kutokea. Nilimsemea bongo.

Niliposema bongo, yaani uongo, akaninyooshea mkono ninyamaze.

— Hapana, papa fundi. Haukusema bongo. Mwenye kusema bongo anajua ukweli iko wapi, anaificha tu. Weye ulisema kitu haujui, kama vile unakijua. Hiyo ndiyo ilinifukuza.

Mama mmoja kwenye benchi akasema e-e, polepole, kama mtu aliyeonja chumvi.

Halafu Mama Riziki akamgeukia Jestionere.

— Barua ya kunifukuza inasema nilimwaga maji. Ninaomba ingine inasema sikumwaga.

— Tutaangalia, mama.

— Ninangoja hapa. Sina haraka, ndagala wangu wako kwenye jua.

Na akakaa kwenye benchi, katikati ya bamama wa mimba, wakamsogelea wakampa nafasi. Jestionere aliangalia mabenchi, aliangalia Mama Muzalishi, akaingia ofisini. Barua ilitoka na muhuri kabla ya mama wa tatu kupimwa. Alimpa na neno lingine kwa mdomo, kwamba nafasi inaweza kufunguliwa, aanze hata kesho. Mama Riziki akaikunja barua mara nne.

— Kesho hapana, akasema. Ndagala iko mingi. Nitarudi mwezi ukipinduka.

Na alirudi mwezi ulipopinduka.

Mimi nilimaliza gari. Mkiitwa kwa kazi kama hiyo, fanyeni hivi. Anzeni juu, na msiamini mahali maji yanapoonekana. Ondoeni mbao iliyooza, halafu ongezeni upana wa mkono mmoja kwenye iliyo nzima, maana uozo unatangulia mbele ya macho. Acheni kuta wazi mpaka mbao iwe kavu kabisa. Mimi niliacha wiki tano. Ungeni vijiti kwa mshazari, siyo kichwa kwa kichwa. Juu ya paa futeni mastiki yote ya zamani, msipake mpya juu ya ya zamani, ni kama kuvaa soksi safi kwenye kidonda.

Na chini, toboeni. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kupita zote. Mtu wa Ubwari, aliyelelewa na Kapita, alale chini ya sakafu aliyoitengeneza mwenyewe na ashike turunyo, ile keekee ya fundi, kuitoboa matundu, makusudi, ili maji yakiingia yapate pa kushukia. Nilitoboa manne. Kila tundu nilifunga macho.

Baada ya gari ile niliacha kazi. Hakuna aliyenifukuza. Watu wanafikiri ni aibu, na mimi sijui kama ni aibu. Ninajua kuziba bwato mpaka leo, nikilala chini yake nitakuambia mwanya uko wapi kwa kusikiliza. Lakini miaka yote ile ya kamio, ninapojisifu kwamba unga ulifika kavu, sasa ninajiuliza: ni sakafu yangu kweli, au turubai iliyokuwa juu? Sikuwahi kuangalia turubai. Na wale wote niliowaambia kosa ni la shofere, kosa ni la mwenye mzigo, kosa ni la mbao mbaya ya fulani, sijui wangapi walikuwa kama yule mama, na siwezi kuwapata tena kuwauliza. Nikihesabu usiku sipati usingizi, kwa hiyo nimeacha kuhesabu.

Mama Riziki ananisalimia. Ananiita papa fundi kama zamani. Kama kuna kitu kingine ndani ya ile salamu, sikioni.

Watu bado wanakuja hapa nyumbani. Mmoja paa lake linavuja, mwingine kabati linaota ukungu, wananiita nije niseme kosa ni la nani. Ninaenda, ninaangalia, ninagusa, na kitu cha kwanza ninachosema ni: sijui, nipeni siku tatu. Wengi wanachoka hapo hapo. Wanaenda kwa fundi mwingine anayejua haraka, na mimi siwazuii.